Tiba ya uraibu ilifikaje wodini? Historia ya pesa za kuwalea wahudumu

Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya tiba. Mgeni karibu, vuta kiti.

Baada ya sehemu iliyopita watu wengi mlinifuata inboksi na maswali mawili. La kwanza: hii methadoni wanayokunywa vijana kule kliniki ilitoka wapi? La pili: mbona ukienda hospitali moja muuguzi anaijua vizuri, ukienda nyingine anakushangaa kana kwamba umemtajia dawa ya mizimu?

Swali la kwanza lina jibu jepesi. La pili ndilo lenye historia. Dawa inaweza kuwepo, utafiti ukawepo, kitabu kikawepo, na bado mgonjwa akafa kwa sababu aliyekuwa zamu siku hiyo hakuwahi kufundishwa. Kwa hiyo leo nawapa historia ya kitu kisichoonekana: pesa inayotolewa ili mhudumu wa afya akae chini ya mlezi, ajifunze tiba ya uraibu, halafu awapelekee wenzake. Historia hii kwa sehemu kubwa ni ya Marekani, lakini mkia wake umefika Dar es Salaam. Ni ndefu, nimeikata vipande tisa. Chukua chai.

1. DAKTARI ALIPOONDOLEWA KWENYE UGONJWA

Mwaka 1914 Marekani ilipitisha sheria iliyoitwa Harrison. Ukiisoma juu juu ni sheria ya kodi na kumbukumbu: nani anauza mofini, heroini na kokeini, na anamwuzia nani. Lakini mwaka 1919, katika kesi ya Webb, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema daktari akimwandikia mraibu mofini kwa lengo tu la kumfanya aendelee vizuri bila arosto, hiyo haihesabiki kuwa ni tiba.

Arosto, kwa wasiojua, ni yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea: kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, jasho, usingizi hakuna.

Baada ya hapo madaktari walishtakiwa, wengine wakafungwa. Miji kadhaa ilikuwa na kliniki za kuwahudumia waraibu, nazo zikafungwa moja baada ya nyingine. Ya Shreveport, Louisiana, ilifungwa mwaka 1923.

Sasa angalia kilichofuata, maana ndiyo mzizi wa mambo yote. Mgonjwa akiondoka kliniki, anaondoka pia darasani. Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi hamwoni, mwalimu hana cha kumwonyesha, mtihani haumwulizi. Kwa zaidi ya miaka 40 Marekani ilizalisha madaktari na manesi ambao kwao mraibu alikuwa mtu wa polisi.

2. SHAMBA LA LEXINGTON

Mei 1935 serikali ilifungua pale Lexington, Kentucky, taasisi ambayo watu waliiita Shamba la Dawa za Kulevya. Ilikuwa hospitali, gereza na shamba kwa pamoja. Wafungwa wa serikali kuu waliletwa pale, na wengine walijipeleka wenyewe. Walilima, walikamua ng'ombe, na wanamuziki wa jazi waliopitia mle walipiga muziki humo humo ndani.

Palikuwa pia na kituo cha utafiti. Niseme ukweli: baadhi ya majaribio yaliyofanywa kwa wafungwa pale, hadi kuwalipa kwa dawa zenyewe, leo kamati ya maadili isingeyapitisha hata dakika tano. Lakini ni pale pale, baada ya Vita ya Pili ya Dunia, watafiti walipoonyesha kwamba methadoni inazima arosto ya heroini. Waliitumia kwa siku chache tu za kumtoa mtu kwenye arosto, halafu wakamrudisha mtaani. Na wengi mno walirudi kwenye heroini.

Kama Lexington haikuponya wengi, ilifanya kitu kingine bila kukusudia: ililea. Madaktari vijana walipelekwa pale kutumikia idara ya afya ya umma, na kwa mara ya kwanza maishani wakakaa na waraibu asubuhi hadi jioni, mbele ya wakubwa waliowazoea. Marie Nyswander alipita pale mwaka 1945. Jerome Jaffe alipita pale. Herbert Kleber naye alipita, miaka ya 1960. Yashike majina hayo. Ukitaka kujua nani aliijenga tiba ya uraibu ya Marekani, utakuta wengi wao kwanza waliila vumbi ya Lexington.

3. WATATU WA ROCKEFELLER

Nyswander alitoka Lexington akiwa hakubaliani na alichokiona. Mwaka 1956 akatoa kitabu chenye hoja moja: mraibu ni mgonjwa. Kitabu hicho kikamfikia Vincent Dole, daktari wa Chuo cha Rockefeller jijini New York. Utaalamu wake ulikuwa umetaboliki, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula na kemikali zake. Dole akamtafuta Nyswander, akamwomba waje wafanye kazi pamoja. Mwanzoni mwa 1964 akajiunga nao daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, Mary Jeanne Kreek.

Walianza na wagonjwa wachache wodini. Wakipewa mofini, walikaa wakisubiri dozi inayofuata, mawazo yote yako kwenye sindano. Walipohamishiwa methadoni ya kunywa, inayokaa mwilini muda mrefu, mambo yakageuka. Mmoja akaanza kuchora picha. Mwingine akaomba ruhusa arudi shule. Manesi wenzangu mnaelewa: mgonjwa akianza kuuliza habari za kesho, kuna kitu kimebadilika.

Maofisa wa serikali wa dawa za kulevya walimfuata Dole wakamwambia anavunja sheria. Akawajibu wamshtaki, ili mahakama iamue. Hawakumshtaki. Agosti 1965 taarifa ya wagonjwa 22 ikachapishwa kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Na yule kijana aliyekuwa mafunzoni? Kreek alibaki Rockefeller, akatumia maisha yake kuchunguza kama methadoni ni salama kwa ini, homoni na kinga ya mwili, hadi alipofariki mwaka 2021. Wakubwa walimpa nafasi akiwa mdogo, akaibeba kazi yao zaidi ya miaka 50.

4. DAWA IKAJENGEWA UZIO

Mwaka 1971 Rais Nixon alitangaza kwamba matumizi mabaya ya dawa za kulevya ni adui namba moja wa umma. Wanajeshi walikuwa wanatumia heroini Vietnam na serikali ilikuwa na hofu watarudi nayo. Aliyepewa kuongoza tiba ni yule yule Jaffe wa Lexington. Vituo vya methadoni vikaongezeka haraka.

Lakini kanuni za mwaka 1972 zikaweka methadoni ya uraibu ndani ya kliniki maalumu tu, yenye dirisha lake, daftari lake na mlango wake wa nyuma. Daktari wa kawaida hakuruhusiwa kumwandikia mraibu. Nia ilikuwa kuzuia dawa isivuje mtaani, na hofu hiyo si ya kijinga. Ila matokeo yake ni kwamba hospitali ya kawaida haikuiona tiba yenyewe. Muuguzi wa wodi ya upasuaji angeweza kufanya kazi miaka 30 bila kumhudumia mtu wa methadoni akiwa ametulia. Alimwona siku moja tu, akiwa na arosto na matusi.

5. WALIMU 50 NA USHEE

Hapa ndipo pesa yetu inapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taasisi za serikali ya Marekani zilianzisha ruzuku iliyoitwa mpango wa walimu wa kudumu wa ulevi na dawa za kulevya. Baadaye ilibebwa na taasisi mbili, ya pombe na ya dawa za kulevya. Hiyo ya pili iliundwa mwaka 1974 na kifupi chake ni NIDA. Siyo NIDA yetu ya vitambulisho, msije mkaniulizia namba.

Wazo lilikuwa dogo sana. Chukua chuo cha udaktari. Tafuta humo mwalimu mmoja. Mlipie sehemu ya muda wake ili somo la uraibu liwe na mwenyewe. Mpeleke akajifunze kwa waliotangulia. Vituo vya kuwafundisha vilikuwa Houston na Brooklyn. Halafu wakutanishe walimu hao mara kwa mara wapeane mihadhara, mitihani na mbinu. Vyuo zaidi ya 50 vilipata mwalimu wa namna hiyo.

Mwaka 1976 walimu hao wakaunda chama chao, AMERSA. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ruzuku ikaisha. Miradi mingi mnayoijua, siku pesa inapoisha na bango linang'olewa. Hawa hawakuondoka. Chama kipo hadi leo, na jarida lao waliloanzisha miaka hiyo bado linatoka kila mwaka.

Nina kitu kidogo kwa ajili ya manesi. Ile herufi M ya AMERSA mwanzoni ilimaanisha udaktari. Leo inamaanisha taaluma mchanganyiko: wauguzi, wafamasia, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wote wamo. Kifupi kilibaki kile kile, mlango ukapanuliwa. Ilichukua miaka, lakini ilitokea.

6. KABATI LIMEJAA, WODI HAINA

Tunafika miaka ya 1990. Utafiti sasa ni mwingi. Mwaka 1998 taasisi ya juu ya ushauri wa tiba nchini humo ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba kati ya wanaofanya utafiti wa uraibu na wanaotibu waraibu kuna pengo kubwa. Watafiti wanaandika vitu ambavyo watu wa kliniki hawavisomi, na watu wa kliniki wana maswali ambayo watafiti hawayaulizi.

NIDA ikajibu kwa njia kadhaa. Mwaka 1999 ilianzisha mtandao wa majaribio ya tiba, ambapo vyuo vinafanya utafiti ndani ya kliniki za kawaida, pamoja na wahudumu wa pale pale. Mwaka 2001 ukaja mpango wa kuchanganya watafiti na watibabu ili matokeo yageuzwe kuwa vifaa vya kufundishia.

Kipindi hicho hicho taasisi kuu za afya za Marekani zilianzisha ruzuku ya kumlea mtafiti anayetibu wagonjwa, inaitwa K23. Sharti lake moja nalipenda: anayeipata lazima apewe angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi kwa ajili ya kujifunza na kutafiti, chini ya mlezi aliyetajwa kwa jina. Mwajiri hawezi kusema "hongera kwa ruzuku, sasa rudi wodini zamu sita". Muda unalindwa kwa maandishi.

Na mwaka 1990 NIDA iliingia katika mpango wa Humphrey, ambapo wataalamu wa kutoka nchi kama zetu walikwenda Marekani kukaa miezi kadhaa na walezi wa fani hii, halafu wakarudi nyumbani na kazi mkononi.

7. SAA 8 NA SAA 24

Mwaka 2000 sheria mpya iliruhusu daktari kumtibu mraibu wa heroini ofisini kwake bila kliniki maalumu, na mwaka 2002 buprenofini ikaidhinishwa kwa kazi hiyo. Sharti: daktari asome kozi ya saa 8 na kuomba kibali. Wauguzi wa ngazi ya juu wanaoandika dawa walisubiri hadi sheria ya mwaka 2016. Unajua wao waliambiwa wasome saa ngapi? 24. Mara tatu ya daktari, kwa dawa ile ile, mgonjwa yule yule. Sisemi kitu, nimewawekea tarakimu tu.

Wakati huo huo mwaka 2015 timu ya Yale ilichapisha jaribio la watu 329 wenye uraibu waliofika idara ya dharura pale New Haven. Kundi moja lilipewa rufaa. La pili lilipewa mazungumzo mafupi ya ushauri na kuunganishwa na tiba. La tatu lilipewa mazungumzo, na buprenofini ikaanzishwa pale pale. Baada ya siku 30 waliokuwa kwenye tiba walikuwa asilimia 37, 45 na 78. Soma tena hizo namba taratibu. Kumwandikia mtu karatasi ya rufaa kuliwabakiza chini ya wanne katika kumi. Kumwanzishia dawa alipo kuliwabakiza karibu wanane.

Ungefikiri kila idara ya dharura ingebadilika mwezi uliofuata. Haikuwa hivyo. Madaktari hawakuwa na kibali, manesi hawakujua kupima ukali wa arosto, famasi haikuwa na dawa, na wapo walioona hiyo si kazi ya dharura.

Ndiyo maana miaka ya karibuni zimekuja ruzuku ndogo za aina nyingine. NIDA imeshirikiana, kwa mfano, na mfuko wa utafiti wa madaktari wa dharura kutoa tuzo za mafunzo chini ya mlezi, kwa kazi ya kusambaza sayansi ya uraibu. Zingatia: hupewi pesa ugundue kitu kipya. Unapewa ili kilichogunduliwa tayari kiwafikie wenzako, na unapewa mtu wa kukushika mkono. Desemba 2022 kile kibali cha pekee kilifutwa kabisa, na tangu 2023 karibu kila anayeandika dawa zenye udhibiti nchini humo, awe daktari au muuguzi, anatakiwa kuwa na saa 8 za mafunzo. Sasa tumelingana.

8. MKIA UNAFIKA DAR

Heroini ilifika pwani yetu miaka ya 1980. Mwanzo watu waliivuta. Kuelekea miaka ya 2000 kujidunga kukaenea Dar es Salaam, na VVU ikapita kwenye sindano. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakizungumza na wanawake wanaojidunga waliandika kwenye jarida la tiba la Uingereza kuhusu jambo la kutisha: aliyekwisha kujidunga anavuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa, kwa imani kwamba ndani yake kuna unga wa kumtuliza arosto. Dunia ilijua habari hiyo kwa sababu kuna watu waliokaa vijiweni na kusikiliza.

Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya namna hiyo inayogharimiwa na umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Serikali yetu ilishirikiana na mpango wa UKIMWI wa Marekani, PEPFAR, na wataalamu kutoka nje waliofanya kazi bega kwa bega na madaktari, manesi na wafamasia wa hapa. Ikafuata Mwananyamala, halafu Temeke, na baadaye Zanzibar, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga na kwingine. Kenya nao walianza Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi.

Angalia mnyororo wenyewe. Lexington ikamlea Nyswander. Nyswander na Dole wakamlea Kreek. Kleber wa Lexington akaenda kujenga tiba ya uraibu Yale. Kikombe anachokunywa kijana wa Kinondoni asubuhi mbele ya mhudumu kimepita mikononi mwa watu, mmoja baada ya mwingine, na karibu kila hatua kulikuwa na mtu aliyelipwa ili apate muda wa kufundisha au kufundishwa.

9. SISI TUNAFANYAJE?

Wenzangu wa wodini, hii mnaijua. Kijana wa bodaboda amelazwa, mguu umevunjika. Siku ya pili jasho, kuharisha, kelele. Kwenye faili inaandikwa "msumbufu, hashirikiani". Usiku anatoroka na kanula mkononi. Kliniki ya methadoni ipo mji huo huo, dawa ipo, mwongozo wa wizara upo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wodini aliyefundishwa kusema: huyu ana arosto, tupige simu.

Mafunzo yapo, najua. Semina siku mbili hotelini, cheti, posho, picha ya pamoja. Ukirudi wodini hakuna wa kumwuliza swali wiki ya tatu, pale mgonjwa halisi anapokuja tofauti na wa kwenye slaidi. Na aliyekwenda semina aliacha zamu kwa mwenzake, ambaye hakulipwa wala kushukuriwa. Historia niliyowapa inasema kilichofanya kazi kilikuwa na vitu vitatu: mlezi mwenye jina, muda uliolindwa, na wenzako wa kukutana nao pesa ikiisha.

Hilo la pesa kuisha si la kubuni. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya, na kila aliye sekta ya afya hapa alisikia mshtuko. Dawa inahitaji pesa kila siku. Lakini wale walimu 50 na ushee ruzuku yao ilikatika miaka ya 1980, na kazi yao haikukatika, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujuana na kulea wengine.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Kama wewe ni muuguzi mfawidhi au mganga mfawidhi, chagua mtu mmoja. Mpe siku moja kwa wiki akakae kliniki ya methadoni iliyo karibu, kwa miezi mitatu, na uiandike hiyo siku kwenye ratiba ya zamu ili asivutwe kurudi. Akirudi, mpe dakika 20 kila Ijumaa azungumze na wodi. Kama wewe uko kliniki ya methadoni na una uzoefu, kubali kupigiwa simu usiku na nesi usiyemjua.

Na kama wewe ni mama, baba au dada wa kijana anayetumia, ukilazwa naye hospitali mwambie nesi mapema, bila aibu: anatumia unga, mara ya mwisho ilikuwa saa fulani. Hiyo ni taarifa ya tiba kama ilivyo presha au sukari. Akikuuliza afanye nini, mwambie apige kliniki.

Maswali yaweke hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sehemu ijayo ni nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, na safari yake ndefu kutoka kabati la daktari wa usingizi hadi mfukoni mwa mtu wa kawaida.